Mikanda ya Bahameli

Mwanamume aliyebeba chungu cha mkojo wa mtoto mchanga hana namna ya kusimama akaonekana wa maana. Elmurod alijaribu. Alisimama katikati ya safu ya wauza beshik pale soko la Chorsu, vile vitanda vya kubembea vilivyopakwa rangi kama peremende, shati lake jeupe limenyooshwa, chungu kwapani, na mkononi kijibomba cha mti, cha kupitishia mkojo wa mtoto hadi chunguni. Mwenye duka alikuwa akimweleza, kwa sauti ya kufika hadi kituo cha treni, kwamba hicho ni cha kumwekea mtoto wa kike, cha wa kiume kimechongwa vingine, sasa je, dada yako kazaa nini?

Elmurod hakuwa na hakika. Akatoa simu ampigie dada yake aulize, na hapo ndipo Sarvinoz, aliyekuwa akinunua duka la jirani, alipocheka.

Kicheko chenyewe kilimshtua msichana mwenyewe. Alikuwa amekisahau. Alivaa gauni la atlasi lenye mawimbi ya manjano na zambarau, limefuliwa mpaka mawimbi yameanza kutulia, na kitambaa amekifunga kisogoni kama mtu aliyetoka kazini na anayerudi kazini. Mbele yake mezani palikuwa na mikanda ya beshik, mipana, ya bahameli, iliyojazwa pamba, ile ambayo mtoto hufungwa nayo mikono na miguu alale bila kujirusha. Alikuwa amemwambia mwenye duka ampe jozi nane.

"Nane," Elmurod akarudia, simu bado iko sikioni. "Hongera, dada. Walikuja mmojammoja au kwa mkupuo?"

"Kwa mkupuo."

"Wote wazima?"

"Wazima. Ila mmoja ana ndevu."

Dada yake Elmurod, kule upande wa pili wa simu, alisikia sauti ya msichana akaacha habari za kijibomba palepale. Akataka aongee naye. Sarvinoz akajikuta ameshikishwa simu ya mtu asiyemjua, anaulizwa jina, mtaa, umri, kabila la mama yake, na kama ana mtu. Alipoirudisha, namba yake ilishaingia humo. Elmurod akamwambia asimlaumu yeye, yeye alikuja kununua chungu tu. Kisha akamnunulia somsa, sambusa ya tanuri, ya moto, na Sarvinoz akaila akiwa amesimama, mafuta yakimchuruzika hadi kwenye kifundo cha mkono, akajiambia kwamba ni somsa tu, haina maana yoyote.

Ilikuwa na maana. Simu zilianza jioni ileile.

"Mama wa wanane, watoto wamelala?"

"Wamelala. Mwenye ndevu anakoroma."

Elmurod aliambiwa kwa vipande, siku hadi siku. Kwamba watoto hao ni wazee, na Sarvinoz ni mhudumu katika nyumba ya wazee upande wa pili wa reli. Kwamba mmoja wao, Bibi Inoyat, ni bibi yake wa damu, aliyemlea tangu mama yake aende Urusi kutafuta kazi akapata na familia nyingine hukohuko. Mjomba aliiuza nyumba ya bibi. Bibi akaanza kupotea njia, kisha kupoteza majina, kisha akaanguka jikoni mwa watu. Na kwa kuwa katika mji ule kumpeleka bibi yako nyumba ya wazee ni sawa na kumtupa jalalani, majirani waliambiwa kwamba Bibi Inoyat yuko kwa mwanawe, Urusi, anakula samaki. Sarvinoz aliomba kazi ya uhudumu palepale ili awe naye kutwa nzima. Akichoka, alichoka mbele ya macho ya bibi.

Naye Elmurod alikuwa daktari wa mazoezi ya viungo hospitalini. Kazi yake ilikuwa kuwarudisha kwenye miguu yao watu waliopigwa na kiharusi. Sarvinoz alipolisikia hilo akaacha utani.

"Njoo umtazame bibi yangu," akasema.

Siku aliyokuja, Sarvinoz alivaa kitambaa kipya na kuzichora nyusi. Asingekubali kwamba ni kwa ajili yake, lakini wahudumu wenzake walikuwa na macho. Alimwongoza kwenye chumba kirefu chenye madirisha, akakaa pembeni kidogo ili aone vizuri, kama mtu anayeonyesha chumba alichokipamba. Kabla yake, wazee wa pale walifungwa kwa bandeji na mashuka yaliyochanwa, na kila walipooshwa alama zilikuwa zimewakaa mikononi, nyekundu kama bangili. Yeye ndiye aliyekwenda Chorsu kwa mshahara wake akawanunulia bahameli. Sasa walikuwa wamekaa na kulala safu mbili, wanane, mikono imebanwa vizuri kwa nyekundu, kijani na buluu, na chumba kinang'aa kama kuna sherehe.

Elmurod alisimama mlangoni. Uso wake ule wa utani ulimtoka wote.

"Nilidhani unatania," akasema.

"Natania nini?"

"Jozi nane. Kumbe ni za kuwafunga hawa."

Akaenda kwa Bibi Inoyat, akapiga goti, akamsalimu kwa mkono kifuani. Bibi alikuwa akitazama ukuta. Elmurod akaingiza kidole chini ya mkanda, kisha akauliza bibi alisimama lini mara ya mwisho. Sarvinoz hakukumbuka. Akauliza nani humpeleka chooni. Sarvinoz akasema ana nepi.

"Ni laini, shika mwenyewe," aliongeza, maana alianza kusikia baridi. "Kila mtu nchi hii kalala ndani ya mikanda hii. Wewe ulifungwa. Mimi nilifungwa, na huyuhuyu ndiye aliyenifunga akaniimbia. Tumekufa?"

"Mtoto anafungwa alale, akiamka anafunguliwa. Na hata huyo mmemtobolea kitanda mkamwekea chungu. Bibi yako mmemwekea nini?"

Hakusema kwa sauti kubwa, lakini chumba kilikuwa kimya na wahudumu wenzake walikuwa palepale na mataulo yao. Mmoja akacheka puani. Sarvinoz aliona masikio yake yanawaka moto. Akamwambia aende zake akafundishe kutembea matajiri wanaolipa, huku watu wana kazi. Elmurod akainuka, akaomba radhi kwa bibi, si kwake, akaondoka.

Jioni, akimwosha bibi, Sarvinoz alimfungua mikanda kama kawaida akaiweka pembeni. Akageuka kuchukua sabuni. Aliporudi, Bibi Inoyat alikuwa vilevile, mikono imebana ubavuni, miguu pamoja, vidole vimetulia. Hakuna kilichomshika. Sarvinoz akauinua mkono mmoja, akauachia. Ukarudi taratibu mahali pake pa kufungiwa, ukakaa.

Alienda nyuma ya jengo, kwenye kamba za nguo, akapiga simu.

"Elmurod aka," akasema. Aka, yaani kaka, kwa heshima; mpaka siku ile alikuwa akimwita daktari tu, kwa kumkejeli. "Rudi."

Kazi haikuwa kumrudisha Elmurod, alikuwa anasubiri kuitwa. Kazi ilikuwa mkuu wa nyumba, Mavjuda opa, kama walivyomwita wote, yaani dada, ingawa hakuna aliyetaka undugu naye. Huyu alikuwa mwanamke mnene wa suti ya kijivu, aliyewahi kuburutwa mahakamani kwa sababu ya mzee mmoja aliyeanguka akavunjika nyonga akafa. Tangu hapo alikuwa na kanuni moja. Anayeanguka mara ya pili haangukii pale tena. Anapelekwa kwenye nyumba ya nje ya mji, yenye ukuta mrefu na madirisha ya chuma, wanakofungiwa waliorukwa na akili. Hakuna aliyepelekwa kule akarudi. Hata habari za msiba zilifika baada ya watu kuzika. Na Bibi Inoyat alishaanguka mara moja, kule jikoni, na iliandikwa kwenye faili lake.

Mavjuda opa akamsikiliza Elmurod mpaka mwisho, akimenya karanga. Akasema sawa, ajaribu. Kwa mmoja tu. Amchague mwenye ndugu wa kuweka sahihi, na ndugu aelewe kwamba akianguka, gari linakuja kumchukua.

Mwenye ndugu pale alikuwa mmoja tu. Sarvinoz aliweka sahihi.

Elmurod alianza na msumeno, akapunguza miguu ya kitanda cha bibi mpaka kikawa karibu na sakafu, na pembeni akatandika godoro. Akaagiza bibi apelekwe chooni kabla hajataka, akishakunywa chai, akishakula, akishaamka, kwa sababu mtu anayeinuka kwa ghafla mara nyingi anatafuta choo na hana neno la kukiomba. Akamfundisha kusimama kutoka kwenye kiti na kukaa tena, kusimama na kukaa, huku akimwambia maneno ya ajabu.

"Bibi, simama nikuone urefu. Nina babu mmoja namtafutia mchumba."

Siku kadhaa bibi hakujibu. Kisha asubuhi moja akamkazia macho.

"Babu mwenyewe ana masikio kama yako?"

Sarvinoz alilia kwenye stoo ya mashuka mpaka akapata kwikwi. Hiyo ilikuwa sentensi nzima, na tena ya matusi. Bibi yake alikuwa humo ndani.

Elmurod alimfundisha na yeye pia. Alimwambia asimshike bibi juu ya mkono kama askari anayekamata mwizi, maana mtu hata akishikwa hivyo kwa mapenzi, bado ameshikwa. Aweke kiganja wazi chini ya kiganja cha bibi, bibi ndiye ashike. Akaweka kiganja chake chini ya cha Sarvinoz ili amwonyeshe. Wakakaa hivyo muda ambao somo lile halikuuhitaji.

"Umeelewa?" akauliza.

"Bado. Rudia."

Mikono ya bibi, ilipokuwa huru, ilitafuta kazi na isipoipata ikachana gauni. Elmurod akauliza zamani ilikuwa ikifanya nini. Sarvinoz akafikiri, kisha akaenda sokoni akarudi na fungu la majani ya osma. Bibi Inoyat aliyanusa. Hakuambiwa kitu. Akayasugua baina ya viganja mpaka yakalegea, akayakamua, maji ya kijani yakadondoka kwenye kitako cha kikombe kilichofudikizwa, akazungushia pamba kwenye njiti ya kiberiti, akachovya, akamvuta mjukuu wake kidevu. Alimchora nyusi bila kutetemeka, akiziunganisha katikati kama za wasichana wa enzi zake. Halafu akawachora wahudumu. Halafu Babu Sodiq, yule mwenye ndevu, aliyelala usingizi akaamka bi harusi. Wa mwisho alikuwa Elmurod, aliyejaribu kukwepa akashindwa, akarudi kwao kwa treni akiwa na unyusi mmoja mrefu kutoka sikio hadi sikio, abiria wakimpisha kwa heshima ya kumwogopa.

Usiku simu ikalia.

"Mama ameniuliza nani amenichora."

"Ukasema nini?"

"Nikasema mkwe wake. Bibi wa mkwe wake, kwa usahihi."

"Elmurod aka, usinichezee."

"Sichezi, roho yangu. Nyusi hazitoki, nimezisugua kwa sabuni ya vyombo."

Mavjuda opa alipita akaona, na baada ya hapo akaruhusu Babu Sodiq na wengine wachache wafunguliwe nao. Mikanda ikaanza kurundikana kabatini. Bibi Inoyat alitembea na fimbo mpaka dirishani, kisha mpaka mlangoni. Sarvinoz aliyasikia yale matumaini yakimpanda kifuani, na kwa kuwa hakuwa amezoea, aliyaogopa kama mtu aliyeokota kitu cha thamani barabarani akahisi mwenyewe yuko nyuma anakuja.

Mwenyewe alikuja kukidai siku ya mvua. Elmurod alikuwa hospitalini kwake, akapiga simu mchana. Alisema Ijumaa mama yake na shangazi wawili watakuja kumposa, wavae nini, waulize nini, na je, kuna ndugu yeyote wa kuwapokea au wapokelewe na Babu Sodiq? Sarvinoz alikuwa koridoni, mgongo kwenye bomba la joto. Alicheka. Nyuma yake bibi aliinuka kitini kwa utulivu, peke yake, akaenda chooni kwa miguu yake bila kukumbushwa na mtu. Lilikuwa jambo lile hasa walilolihangaikia. Sakafu ilikuwa imetoka kupigwa deki.

Mlio wenyewe haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama mtu ameangusha fungu la kuni.

Mkono wa kushoto ulivunjika juu ya kifundo. Hospitali walimtia hogo la plasta wakamrudisha jioni, na jioni hiyohiyo Mavjuda opa akasema gari la nyumba ya nje litakuja mwisho wa wiki. Sarvinoz alimpigia magoti ofisini. Alisema bibi hakuanguka kwa sababu yuko huru, alianguka kwa sababu ya maji.

"Alianguka kwa sababu yako," Mavjuda opa akasema, bila hasira. "Daktari wako mwenyewe kanipigia kunieleza. Ulikuwa kwenye simu unacheka."

Sarvinoz alitoka ofisini akazima simu. Hakuiwasha tena kwa ajili ya mtu. Kwa hiyo hata yeye, alifikiri, hata yeye kanitupa, ili mazoezi yake yabaki safi. Na kilichomuuma zaidi ni kwamba maneno yale yalikuwa kweli. Alikuwa anaposwa, bibi yake akivunjika mita chache nyuma yake.

Siku zile bibi alifungwa tena. Sarvinoz hakutaka afungwe na mwingine, akamfunga yeye. Na kabla gari halijafika, akaacha kazi, akamvisha bibi koti juu ya koti, akampakia kwenye teksi akamleta kwenye chumba chake cha kupanga, ghorofa ya tatu ya jengo la enzi za Warusi ambalo ngazi zake zilinuka kabichi na paka.

Kuna watu wakifikia hapo hadithi huwaonea huruma. Hii haikumwonea. Kazi aliyoipata ilikuwa kuosha masufuria kwenye ukumbi wa harusi, zile karamu za palov, yaani pilau, zinazoliwa alfajiri, na alitakiwa kutoka kabla hakujapambazuka na kurudi mchana. Jirani wa kumwachia bibi hakuwepo, kwa sababu kwa majirani bibi alikuwa Urusi anakula samaki. Jiko lilikuwa la gesi. Mlango wa roshani ulikuwa haufungi vizuri, na chini yake kulikuwa na ghorofa tatu za hewa.

Asubuhi ya kwanza alitoa mikanda ya bahameli myekundu. Alikaa kitandani, ameishika mapajani, akashindwa. Bibi Inoyat alimtazama, akaitazama mikanda. Kisha akanyoosha mikono yote miwili mbele, wenye hogo na usio na hogo, kama mtoto anayevalishwa koti, akangoja.

Sarvinoz akafunga.

Aliosha masufuria akihesabu vitu vyote vinavyoweza kumuua mtu aliyefungwa, kisha vyote vinavyoweza kumuua mtu aliyefunguliwa, na hesabu mbili zile zikawa zinalingana. Akirudi, bibi alikuwa vilevile alivyomwacha, amelowa, macho ukutani. Maneno yakaanza kukauka tena. Kwanza utani, kisha majina, kisha bibi akaacha kuomba maji. Mikono ikifunguliwa, ilibaki ubavuni. Siku moja Sarvinoz akamwekea majani ya osma mkononi. Yalianguka moja moja sakafuni, na bibi hakuyatazama.

Elmurod alikuja mchana wenye jua. Sarvinoz alikuwa ameingia sasa hivi, mikono imevimba kwa maji ya moto, hajavua hata viatu. Mlango uligongwa, naye akafungua akidhani ni mwenye nyumba. Elmurod alikuwa amekonda, shati halijanyooshwa, na mikononi ameshika kitambaa cheupe kilichofunika kitu cha mviringo.

"Dada yangu alikuuliza mtaa siku ile," akasema. "Hukumtajia jengo. Nimegonga milango mingi, nimetukanwa na watu wengi."

Sarvinoz alitaka kuziba mlango kwa mwili wake, lakini alishachelewa. Elmurod aliona kitanda. Aliona nyekundu.

Sarvinoz alisubiri amwambie lile neno la chungu. Alilisubiri kwa hamu, karibu alitake, maana alikuwa na majibu yake tangu siku nyingi. Elmurod akavua viatu, akaingia, akakaa chini sakafuni, mgongo ukutani, kama mtu aliyetembea sana.

"Unamfunga saa ngapi?" akauliza.

"Kabla ya alfajiri."

"Mpaka saa hizi?"

"Mpaka saa hizi." Sauti ikamkatika, akaikusanya. "Sema basi. Sema ulivyosema siku ile mbele ya watu. Halafu nenda ukampigie Mavjuda opa umweleze na hili."

Elmurod akainua uso.

"Nilimpigia, ndiyo. Nilimwambia ulikuwa kwenye simu na mimi. Kwamba nilikupigia saa za kazi najua uko zamu, kosa ni langu, anifukuze mimi asimguse bibi. Alikwambia nusu gani?"

Sarvinoz akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Kanifukuza kweli," Elmurod akaendelea. "Babu Sodiq wamemfunga tena. Na mama yangu amekataa kuja. Anasema bi harusi huingia kwa mama mkwe na masanduku, haingii na bibi mgonjwa. Amelia siku nyingi. Mimi pia nimelia, ila nilijificha bafuni."

"Basi umekuja kuniaga."

"Nimekuja kukuposa. Mshenga hakuna, nimejileta."

"Kwenda kukaa wapi? Kwenu hatutakiwi."

"Hapa. Nahamia mimi."

Alisema kama mtu anayeagiza chai, lakini wote wawili walijua alichokisema. Mwanamume anayehamia kwa mkewe ana jina lake mjini mle, mkwe wa ndani, na hakuna mzaha wa harusini usiopita mgongoni mwake mpaka afe.

"Watakucheka mpaka uzeekee humu."

"Wameshaanza. Kazini wameniletea aproni."

"Elmurod aka, nina chumba kimoja."

"Nina asubuhi. Hospitali walitaka kunihamishia zamu ya mchana hadi usiku, nimekataa maana ungekuwa hujarudi, nimeomba ya jioni. Wewe ukitoka alfajiri mimi nipo. Mimi nikitoka jioni wewe upo. Hakuna saa ya kumfunga. Nimeipiga hesabu hii mpaka kwenye treni, watu wananiangalia."

Sarvinoz akaitazama mikono yake iliyovimba. Swali lilikuwa moja tu, na alikuwa nalo tangu siku ya mvua.

"Na akianguka?"

"Ataanguka."

"Hiyo ndiyo posa uliyoniletea?"

"Ataanguka, Sarvi. Miguu ile, umri ule. Siku moja ataanguka, na mmoja wetu atakuwepo, na ataumia. Labda vibaya sana. Siwezi kukudanganya ili unipende." Aliufuta uso kwa kiganja. "Lakini akiwa hivi hivi, amekwisha anguka. Ila hatusikii mlio."

Nje, chini uani, mwanamke alikuwa akiwaita watoto wake wakale. Sarvinoz alimgeukia bibi. Alianza na mkono usio na hogo. Fundo lilikuwa limekaza, vidole vyake havikuwa na nguvu, akatumia meno. Elmurod hakusogea kumsaidia. Mkanda wa mkono ukatoka, kisha wa miguu, na Bibi Inoyat akabaki amelala vilevile, kama ilivyokuwa kila siku.

Elmurod akafunua kitambaa. Ndani kulikuwa na mikate miwili ya mviringo, ya kumeta, yenye ufuta. Akaiweka kitandani mbele ya bibi, akasema kwa adabu, kwa maneno yote marefu yanayotakiwa, kwamba amekuja kumwomba mjukuu wake. Mikate ya posa huvunjwa na wazee wa pande zote mbili, mmoja huku na mmoja huku. Upande wa Elmurod hapakuwa na mzee. Wakakaa wote, mikate katikati, na muda ukapita mpaka ukawa wa aibu. Sarvinoz akanyoosha mkono aiondoe.

Bibi akampiga kofi la kiganja. Halikuwa na nguvu, lakini lilikuwa kofi.

Akajivuta, akakaa. Akaunusa mkate. Akaubana kifuani kwa lile hogo, akaushika ukingo kwa mkono mzima, akavuta. Haukukatika. Akavuta tena, midomo imekaza, na mkate ukapasuka vibaya, kipande kikubwa na kidogo, ufuta ukamwagika gaunini.

"Nani anaolewa?" akauliza. Sauti ilikuwa na kutu.

"Mimi, bibi."

Bibi Inoyat akamtazama sana Elmurod. Haikujulikana kama alimkumbuka.

"Mgeni kakaa bila chai," akasema.

Akaweka kiganja juu ya godoro, akasukuma. Aliinuka nusu, akakaa. Akasukuma tena, akasimama, akayumba, akashika ukuta. Jikoni kulikuwa upande wa pili wa pazia, na kabla yake kulikuwa na kizingiti. Sarvinoz alikuwa tayari ameshanyanyuka, mikono imetangulia. Akamtazama Elmurod. Elmurod alikuwa mweupe kama shati lake, ngumi juu ya magoti, na hakusema asogee wala asisogee.

Sarvinoz akakaa.

Bibi akavuka kizingiti kwa mguu mmoja, akangoja, akavuta wa pili. Pazia likarudi nyuma yake. Wakasikia kandambili zikiburuta sakafuni, zikisimama, zikiburuta. Kisha zikasimama kabisa, na hapakuwa na sauti yoyote. Sarvinoz aliuma kitambaa chake cha kichwani. Alimshika Elmurod mkono kwa kucha, na wote wawili wakabaki wamekaa, wakikodolea pazia.

Maji yakaanza kumiminika kwenye birika.

"Mko wangapi huko?" bibi akauliza.

"Watatu," Sarvinoz akajibu, alipopata sauti. "Pamoja na wewe."